Chokaa ya babu, nyumba ya mama mkwe

Kwa miezi kadhaa mama mkwe alikuwa akipangusa vumbi jekundu juu ya chupa zake za jamu katika chumba cha chini. Akipangusa leo, wiki ijayo limerudi. Alidhani ni kutu ya mabomba ya zamani. Siku moja mwishoni mwa 2020 mume wangu aliinama kuokota kifuniko kilichoanguka, akaegemea ubao wa kando ya sakafu, na kidole gumba kikazama mzima kama kinavyozama kwenye boga bovu. Tulipoung'oa ule ubao tukakuta kitu cheupe, laini mfano wa sufi, kimetandaa juu ya matofali mpaka kwenye boriti. Ile harufu ya uyoga ambayo miaka yote tuliisingizia mvua ya Brussels ilikuwa ikitoka hapo.

Huku wanaiita mérule. Ni kuvu ya majumba. Wataalamu huiita Serpula lacrymans, na neno lile la pili ni la machozi, kwa sababu inapokua hutoa vitone vya maji kama jasho. Inapenda mbao yenye unyevu na mahali pa giza pasipopita hewa. Ikimaliza ubao mmoja hupenya kwenye viungo vya matofali ikatafute mwingine upande wa pili wa ukuta. Mbao iliyokwisha kuliwa hukatikakatika vipande vya mraba, nyepesi, unaivunja kwa vidole. Na lile vumbi jekundu, rangi ya kutu, ndizo mbegu zake.

Nyumba iko Schaerbeek, kaskazini ya katikati ya mji. Babu yake mama mkwe, muuza karatasi, aliijenga 1906, na tangu hapo haijatoka mikononi mwa ukoo. Upana wake ni mita 6 tu, kama nyumba nyingi za Brussels, ila inarudi nyuma sana na ina ghorofa tatu. Chini vyumba vitatu vimefuatana kama mabehewa: cha mbele kinaangalia barabara, cha nyuma kinaangalia bustani, na cha kati hakiangalii kitu.

Wakati ule mji huu ulikuwa katikati ya ule mtindo wa ujenzi na mapambo uitwao Art Nouveau. Ulianzia hapa hapa mwaka 1893, pale mbunifu wa majengo Victor Horta alipojenga Hôtel Tassel, ambayo ni nyumba ya kuishi, si hoteli, na mwaka huo huo mbunifu mwenzake Paul Hankar akajijengea nyumba yake jirani. Chuma ambacho wengine walikificha ndani ya kuta, Horta alikiacha wazi akakipinda kama mmea unaotambaa; kioo akakipandisha paani ili mwanga ushuke mpaka chini ya ngazi. Nyumba yetu haikujengwa na mtu wa jina kubwa hivyo. Mjenzi wake alitazama wakubwa wanafanya nini, akafanya kadiri ya mfuko wa muuza karatasi: roshani ndogo ya chuma kilichosokotwa, vioo vya rangi vyenye maua ya irisi juu ya mlango, marumaru za maua ukumbini, na kando ya mlango kitundu cha ukutani chenye ubapa wa chuma wa kukwangulia tope la viatu. Kile kitundu nakipenda kuliko vyote. Kwetu Mji Mkongwe nyumba hukupa baraza ukae kwanza; hapa hukupa chuma utoe tope kwanza. Zote ni adabu za mlangoni.

Tarehe 25 Desemba 2020 tulikuwa tumekaa katika kile chumba cha kati, taa imewashwa mchana, tunajadili kuuza. Mafundi wawili walishapita, na bei waliyotaja ilimnyamazisha mama mkwe siku nzima. Hapo simu yangu ikaanza kulia mfululizo. Picha, kisha video: Beit al-Ajaib imeporomoka. Lile jumba la Sultani Barghash la 1883, lenye roshani zilizoshikwa na nguzo za chuma, ambalo nikiwa na miaka sita babu alinishika mkono akanipitisha chini yake na kuniambia niangalie juu. Watu wawili walifariki. Jengo lilikuwa katika matengenezo siku hiyo hiyo. Nililia mbele ya wakwe zangu, na sikuweza kuwaeleza mara moja ninalia nini.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mwashi. Umri wake wote aliumalizia kwenye kuta za Mji Mkongwe: mawe ya matumbawe, udongo mwekundu, mchanga, na chokaa iliyochomwa kwa magogo ya minazi. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," watu huwaambia watoto wakaidi. Babu alikuwa akiisema akiwa na mwiko mkononi, anaonyesha ufa wenyewe. Masika ikikaribia alizunguka paa za watu aliowahi kuwajengea, bila kuitwa, anatoa majani kwenye michirizi. Wengine hawakumlipa na aliendelea kwenda.

Mama mkwe alitaka kuliona Beit al-Ajaib lilivyokuwa kabla, nikamtafutia picha. Alitazama muda mrefu, kisha akaanza kusimulia habari ya Maison du Peuple, jumba la wafanyakazi ambalo Horta alilijenga kati ya 1896 na 1899. Lilibomolewa 1965. Yeye alikuwa msichana, akipita kwa tramu akaona vyuma vyake vimelazwa chini kama mbavu. Akafunga simu yangu, akanirudishia, akasema nyumba haiuzwi. Ikawa hivyo. Yeye akahamia fleti ndogo mtaa wa pili, yenye lifti, nasi tukapewa nyumba pamoja na ugonjwa wake.

Baadaye nilikuja kujua kwamba Mji Mkongwe wa Zanzibar na nyumba nne za Horta hapa Brussels viliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka mmoja, 2000. Haimaanishi lolote kwa mtu mwingine. Mimi niliandika mwaka huo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la ujenzi.

Kazi ya kwanza ilikuwa kujua maji yanatoka wapi, kwa maana kuvu haianzi bila maji. Kulikuwa na njia mbili. Bomba la kushushia mvua upande wa nyuma lilipasuka nyuma ya jiko lililoongezwa miaka ya sabini, mahali ambapo hakuna jicho linalofika, na kila mvua iliponyesha maji yaliingia ukutani. Hilo peke yake nyumba ingelivumilia. Matofali yangelowa, yangekauka. Lakini miaka ya themanini kampuni moja ilimuuzia marehemu baba mkwe dawa ya unyevu. Dawa yenyewe ilikuwa lipu nzito ya saruji, kuta zote za chumba cha chini, kutoka sakafuni hadi chini ya boriti. Saruji haipitishi unyevu. Maji yaliyokuwa yakitoka nje kupitia chokaa yakafungiwa ndani, yakapanda, yakapata vichwa vya boriti vilivyoingia ukutani. Mbao zililowa kwa miaka kama 30 zikiwa zimefunikwa kwa ukuta mzuri, mlaini, uliopakwa rangi nyeupe. Bado nina hasira na ukuta ule.

Tulibandua saruji yote. Mbao zote zilizoguswa zilikatwa, na kutoka mahali pa mwisho palipoonekana ugonjwa tulikwenda mbele mita moja zaidi ndani ya mbao nzima, kwa sababu nyuzi zake hutangulia kabla jicho halijaona. Boriti saba zikaondoka. Viungo vya matofali vikakwanguliwa, kuta zikatibiwa, madirisha mawili madogo ya barabarani yaliyokuwa yamezibwa yakafunguliwa. Kisha tukangoja. Miezi minane ya kungoja ukuta ukauke, tunalala ghorofa ya pili, tunapikia bafuni kwenye jiko la gesi la kambi. Hakuna mtu aliyekuja kutuamkia aliyeelewa kwa nini hakuna fundi kazini.

Mwashi tuliyempata alikuwa mzee wa Kireno, anakaribia kustaafu, mmoja wa wachache waliokubali kazi ya chokaa tupu bila kutia saruji "kidogo tu ishike". Siku ya kwanza alifungua pipa la chokaa iliyozimwa. Ilikuwa nyeupe, nzito, inang'aa kama siagi. Nilisogea nikanusa. Ile harufu ya mawe yaliyolowa ilikuwa ya kofia ya babu. Nikamwambia babu yangu alikuwa wa kazi hii, Zanzibar. Hakuuliza Zanzibar ni wapi; aliuliza babu alikuwa akizuiaje lipu isikauke haraka. Nikamwambia: magunia yaliyoloweshwa, yanatundikwa ukutani. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, kesho yake akaja na magunia.

Chokaa inapokauka haikauki kama tope. Inavuta hewa, inachukua ile kaboni dayoksaidi iliyopotea siku ilipochomwa tanuuni, na taratibu inarudi kuwa jiwe. Ndiyo maana ukiiharakisha inakuwa unga. Kila jioni kabla ya Magharibi niliteremka na ndoo na brashi pana kuunyunyizia ukuta maji, mkono wa kushoto nimeshika taa. Binti yangu alikuwa na miaka tisa, akataka kujua kwa nini ukuta unanyweshwa. Nilimwambia ukuta wenyewe bado ni mtoto.

Niseme na kosa letu hapa hapa. Kabla hatujaambiwa lolote, mimi na mume wangu tulianza kubandua rangi ya milango kwa mashine ya hewa moto, madirisha yamefungwa, baridi ya Februari. Rangi za zamani zile zina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Mbunifu wetu alipotukuta alituamuru tuzime mashine na kumtoa mtoto ndani ya nyumba papo hapo. Kama una nyumba ya umri huu, pima rangi kwanza, hata kabla ya kununua msasa.

Mbele ya nyumba, juu ya madirisha ya ghorofa ya kwanza, kulikuwa na sehemu tatu za mviringo, nyeusi kabisa kwa masizi ya makaa ya mawe na moshi wa magari. Mama mkwe alikuwa akikumbuka "mwanamke" pale juu, lakini kumbukumbu ya utotoni. Majukwaa yaliposimamishwa mwaka 2023 tukapanda na mtaalamu wa kurudishia michoro ya ukutani, msichana mwenye vidole vya mpiga kinanda. Ilikuwa sgrafito. Brussels ina nyingi; ile kubwa kuliko zote nizijuazo iko Etterbeek, mbele ya nyumba ya Paul Cauchie ya 1905, ukuta mzima. Fundi hupiga lipu ya kwanza iliyotiwa mkaa au majivu iwe ya giza. Juu yake huweka tabaka jembamba la chokaa nyeupe. Kabla halijakauka hubandika karatasi ya mchoro uliotobolewa kwa sindano, hupigapiga kifuko cha unga wa mkaa ili mistari ihamie ukutani, kisha hukwangua kwa ncha ya chuma mpaka giza la chini litokeze. Mstari wa mchoro ni mfereji hasa. Ukipitisha ukucha unauhisi. Rangi hutiwa chokaa ingali mbichi, ikashikwa humo humo.

Yule mtaalamu alianza kwa kugonga kwa kifundo cha kidole, sikio karibu na ukuta. To, to, to, kisha pu. Palipolia pu lipu ilikuwa imeachana na matofali na imebaki kwa neema tu. Akatoboa kitundu kidogo kuliko punje ya mtama, ndani ya mstari wa giza ili kisionekane, akachukua bomba la sindano, la hospitali kabisa, akasukuma ndani maji kidogo, kisha uji wa chokaa. Akaweka kiganja juu, na pamba, akasukuma kwa upole, akakaa hivyo akihesabu. Akatoa mkono. Akagonga tena. To. Alifanya hivyo mara 61. Nilihesabu kwenye karatasi yake.

Kuosha kulichukua majuma matatu. Mwanamke wa mama mkwe alitokea kutoka shingoni kwenda juu: kidevu, mdomo uliofunga, nywele zinazogeuka kuwa majani ya mti wa chesnati, na nyuma ya kichwa duara lenye mabaki ya dhahabu. Jicho moja halipo, kipande kile kilianguka zamani na mtu akakiziba kwa saruji. Tulishauriana sana. Mtaalamu alisema anaweza kuchora jicho jipya kwa kufuata lile la pili; mimi nilikataa, mume wangu alitaka. Mwishowe tuliondoa saruji tukaweka lipu ya chokaa rangi ya ngozi yake, bila jicho. Ukiwa barabarani unaona amefumba.

Gharama ya hapo tulisaidiwa. Wakati ule Mkoa wa Brussels ulikuwa na ruzuku kwa kile wanachokiita urithi mdogo: sgrafito, milango, vioo vya rangi, vyuma vya roshani, hata vile vikwangulio vya tope, mradi vionekane kutoka barabarani. Makaratasi yalikuwa mengi, na ilitubidi kuomba kabla ya kuanza kazi, la sivyo tungekosa.

Ngazi tuliiachia seremala kutoka Lubumbashi ambaye ameishi Ubelgiji zaidi ya miaka 20. Tangu simu ya kwanza tulizungumza Kiswahili, yeye chake, mimi changu. Mkono wa ngazi na nguzo yake ya chini vilikuwa na matabaka ya rangi ya kahawia, kama manne. Alipofika kwenye mbao yenyewe alipitisha randa mara moja tu, akaokota ule unyuzi, akaulowesha kidoleni, akaupeleka dirishani. Ulikuwa wa manjano kama dhahabu ya bibi harusi. Akanyamaza. Kisha akasema, "Mama, hii mbao iko ya kwetu."

Kwa kuiona alisema ni bilinga, mti wa misitu ya Kongo. Nikaketi kwenye kidato. Mwaka 1906 Kongo ilikuwa bado mali ya mfalme Leopold wa Pili, ya mtu mmoja. Ubelgiji iliichukua kuwa koloni 1908. Nilikuwa najua hayo kwa kusoma. Nilijua kwamba 1897 mfalme alifanya maonyesho ya Kongo kule Tervuren, nje kidogo ya mji, na wabunifu wa mtindo huu huu, akina Hankar, Henry van de Velde, Serrurier-Bovy na Georges Hobé, ndio waliopamba kumbi kwa mbao za Kongo, na wachongaji wakapewa pembe za ndovu wachonge. Nilijua kwamba Hôtel van Eetvelde, moja ya zile nyumba nne za UNESCO, ilijengwa kwa ajili ya mtu aliyesimamia serikali ya Kongo ya mfalme kutoka Brussels. Lakini kujua kwa kitabu na kuishika mbao kila siku ukipanda kulala ni vitu viwili.

Jumapili moja tulikwenda Tervuren, sisi na yeye na mkewe. Katika maonyesho yale waliletwa Wakongo 267 wakawekwa wazi watazamwe. Saba walikufa, na makaburi yao yako kando ya kanisa, saba kwenye mstari. Seremala alisoma majina kwa sauti, moja moja, taratibu, kama mtu anayeita watoto. Mimi nilisoma Fatiha. Mkewe aliomba kwa njia yake.

Nilimuuliza anaonaje, ile mbao ifanyweje. Alisema iachwe wazi, isipakwe rangi tena, ionekane ni ya wapi. Tuliipaka mafuta tu. Mama mkwe mwanzoni alisikia vibaya, ni babu yake aliyenunua. Sasa yeye ndiye huwaeleza wageni, wakiwa bado wameishika. Ndani ya kidato cha tatu tulikuta namba za penseli za seremala wa 1906. Wa kwetu akaandika chini yake jina lake, Lubumbashi, na tarehe.

Upande wa nyuma ndiko tulikogombana na mbunifu. Lile jiko la miaka ya sabini liliondoka na paa lake la asbestosi, wafanyakazi wamevaa kama wanakwenda mwezini, na mahali pake tulitaka chumba kipya cha kupikia na kulia. Mimi nilitaka chuma kilichopindwa, vioo vya irisi, kila kitu kama mbele. Mbunifu alikataa katakata. Alisema mtu atakayekuja baada yetu ana haki ya kujua kipi ni cha 1906 na kipi ni cha leo. Niliona ananinyima raha ya nyumba yangu, na kwa miezi miwili tuliandikiana barua za adabu kali.

Kilichonigeuza ni ziara ya pili katika nyumba ya Horta mwenyewe kule Saint-Gilles, ambayo sasa ni makumbusho. Chumba chake cha kulia kimejengwa kwa matofali meupe ya kung'aa, aina ambayo watu wa siku zile waliitumia jikoni na uani. Horta hakuiga chumba cha kulia cha babu yake. Alitazama mwanga unaingiaje, akachukua kitu cha bei ndogo kinachourudisha. Nikatoka pale nikamtumia mbunifu ujumbe wa maneno mawili.

Basi jiko letu jipya lina matofali meupe ya kung'aa upande mmoja, mbao ya mwaloni, na paa la kioo lililoinama. Halina mpindo hata mmoja. Linatoka nyuma mita 3 na nusu. Sheria ya mkoa hairuhusu jengo kupita robo tatu ya kina cha kiwanja, na hata bila sheria nisingetaka kuila bustani. Kibali kilichukua muda mrefu na sina la kusimulia juu yake. La maana zaidi ni kwamba juu ya ngazi tuligundua paa la kioo la zamani lililofunikwa kwa lami na bati, hakuna aliye hai aliyejua lipo. Siku lilipofunguliwa, saa nne asubuhi, jua lilishuka ngazi zote tatu likatua katika kile chumba cha kati. Mama mkwe aliitwa kwa simu. Alikuja na koti juu ya nguo ya kulalia, akasimama katikati ya chumba kile, ndani ya nyumba aliyozaliwa, chumba ambacho hakuwahi kukiona kwa mwanga wa mchana hata mara moja, akaangalia mikono yake.

Bustani ni mita 6 kwa 12, imezungukwa na kuta. Chini ya ua wa nyuma kuna birika la maji ya mvua, la matofali, lenye dari ya kuba. Nyumba nyingi za hapa za umri huo zinalo. Letu lilikuwa limejazwa kifusi cha mtu. Tulitoa ndoo kwa ndoo, majivu ya makaa, vigae vilivyovunjika, makombe ya kome, kiatu cha mtoto. Sasa lile bomba la nyuma, jipya, linamimina humo, na maji yake ndiyo yanayofulia na kumwagilia. Udongo tuliupima, una risasi kama bustani nyingi za mjini, kwa hiyo mboga ziko kwenye masanduku ya mbao yaliyojazwa udongo mpya.

Irisi nimepanda chini ya dirisha la nyuma, zambarau, zile zile za kwenye kioo cha mlangoni. Wisteria inapanda ukuta wa jirani kwa ruhusa yake. Asumini yangu iko kwenye chungu. Kuanzia Oktoba inaingia ndani chini ya paa la kioo, na mwaka huu ilitoa maua Januari, theluji iko nje. Mrehani nao upo, wala haunuki kama wa nyumbani.

Halafu mcheri. Schaerbeek kabla ya kuwa mji ilikuwa mashamba ya cheri chachu, na wakulima walizipeleka sokoni Brussels kwa punda, hata mji ukaitwa mji wa punda mpaka leo. Mtu wa Lamu angejiona kwao. Katika bustani hii palikuwa na mcheri mmoja mzee; ulikatwa miaka ya sabini kupisha jiko lile. Zile jamu za chumba cha chini, mama mkwe alikuwa akizitengeneza kwa cheri za dukani, na kila mwaka akisema si zenyewe. Tulimtafutia mche wa aina ya Schaerbeek kabisa kwa mtu wa vitalu, tukaupanda Novemba 2023 karibu na mahali pa ule wa zamani. Kiangazi kilichopita ulizaa cheri kumi na nne. Ndege walikula tano. Tisa alizipika na sukari kwenye kisufuria cha kahawa, ikatoka robo chupa, na chupa iko chumba cha chini kwenye rafu ile ile. Kila nikiteremka naipitishia kidole juu ya kifuniko. Hakuna vumbi jekundu.

Jumamosi iliyopita nilipanda juu kwenye michirizi, kama ninavyofanya kila Novemba sasa. Mume wangu alishika ngazi, binti yangu alishika kamba ya ndoo, na mama mkwe alisimama bustanini akinielekeza kwa fimbo nisisahau kona ya kushoto. Kona ya kushoto kulikuwa na kiota cha njiwa na majani ya mti wa jirani, meusi, yameshikana. Ndoo mbili na nusu. Nilipomwaga maji kutoka juu kujaribu, sote tulinyamaza kusikiliza yakishuka ndani ya bomba mpaka birikani.